Implanti ya jino: mfupa kwanza, skrubu baadaye

Jino likishang'olewa, mfupa uliokuwa umelishikilia huanza kupungua. Katika miezi 12 ya kwanza ukingo wa taya pale penye pengo unaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake, na theluthi mbili za upungufu huo hutokea ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Ndiyo maana aliyeng'olewa gego mwezi uliopita na aliyeng'olewa miaka 15 iliyopita wanaweza kuingia kliniki moja pale Hurlingham, Nairobi, wakitaka kitu kilekile, yaani implanti, jino bandia linalopandikizwa kwenye mfupa wa taya, wakatoka na mipango miwili isiyofanana hata kidogo. Wengi huanza kwa kuuliza bei. Mimi ningependa waanze kwa kuuliza habari za mfupa: upo kiasi gani, ni mgumu au laini, na utabaki hapo miaka kumi ijayo?

Kifaa chenyewe kina sehemu tatu. Chini kabisa, ndani ya mfupa, kuna skrubu ya titani yenye kipenyo cha 3.3 hadi 5 mm na urefu wa 8 hadi 13 mm kwa kawaida. Juu yake hufungwa abatimenti, kipande kinachopenya ufizi, nacho hushikwa na skrubu ndogo ya ndani. Mwisho ni krauni, jino linaloonekana, ambalo siku hizi mara nyingi ni la zirkonia, kauri ngumu. Aliyegundua kwamba mfupa hushikamana na titani moja kwa moja, bila nyama laini kuingia kati, ni Per-Ingvar Brånemark wa Sweden, katika utafiti wake wa mifupa ya sungura miaka ya 1950. Mgonjwa wake wa kwanza wa meno alitibiwa mwaka wa 1965. Skrubu za leo hufanywa ziwe na uso wenye mikwaruzo kwa mchanga na asidi ili mfupa upate pa kushika, lakini kanuni haijabadilika: mfupa ukiguswa na joto kali, bakteria au mtikisiko wiki za mwanzo, hautashikamana, na hakuna jina la kampuni litakalouokoa.

Picha na hesabu

Eksirei pana ya taya zima, ile OPG inayopigwa kila mahali, huonyesha urefu wa mfupa lakini haionyeshi upana. Kwa implanti unahitaji CBCT, picha ya 3D. Kama kliniki haina mashine utatumwa kituo cha picha. Ukifika huko omba faili kamili kwenye diski au kwa intaneti, usikubali karatasi iliyochapishwa peke yake. Daktari anatakiwa kuipitia picha yenyewe tabaka kwa tabaka, na ukihamia kwa daktari mwingine hutalazimika kulipa tena.

Vipimo vinavyotawala kazi hii si vingi. Kati ya implanti na jino la jirani pabaki angalau 1.5 mm. Kati ya implanti mbili, 3 mm. Juu ya mfereji wa neva ya taya la chini, 2 mm za usalama. Ukuta wa mfupa upande wa shavu au mdomo ubaki na unene wa 1.5 hadi 2 mm, kwa sababu ukuta mwembamba kuliko huo huliwa polepole na ufizi hushuka nao. Kwa hiyo skrubu ya 4 mm inataka ukingo wenye upana wa kama 7 mm, na skrubu ya urefu wa 10 mm juu ya neva inataka mfupa wa kina cha 12 mm. Kuna kipimo kingine kinachosahauliwa: nafasi ya krauni. Pengo likikaa miaka mingi, jino la taya la pili linalolikabili hutoka na kuingia humo, na kama kati ya ufizi na jino hilo hakuna kama 7 mm, hata mfupa uwe mzuri namna gani krauni haitapata mahali pa kukaa.

Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Wazee wengi wa Kimaasai waling'olewa meno mawili ya chini ya katikati wakiwa watoto, na wazee wa Kiluo waling'olewa meno sita ya chini ya mbele. Leo wapo wanaotaka kuyarudisha, na hilo ni haki yao kabisa. Pengo la meno mawili ya katikati lina upana wa kama 11 mm. Ukitaka kuweka implanti mbili, hata zile nyembamba za 3 mm, piga hesabu: 1.5 kando, 3, kisha 3 za kati, 3 nyingine, na 1.5 upande wa pili. Jumla ni 12. Hazitoshei. Anayekuambia zitatosha atalazimika kuzibananisha, na mfupa mwembamba wa katikati utapotea pamoja na ufizi uliosimama juu yake. Jibu sahihi ni implanti moja yenye kubeba meno mawili, au briji, yaani meno bandia ya kugandishwa nyuma ya meno ya jirani bila upasuaji wowote. Kwa pengo la meno sita, implanti mbili kwenye nafasi za chonge, au nne mfupa ukiruhusu, hubeba meno yote sita. Lakini mfupa wa hapo, baada ya miaka 50 bila meno, mara nyingi umekonda kama makali ya kisu, na upande wa ulimi una mishipa ya damu. Keekee ikitoboa ukuta huo, sakafu ya kinywa huvimba kwa damu na inaweza kuziba njia ya hewa. Sehemu hii inayoonekana rahisi ndiyo isiyopaswa kuguswa bila CBCT.

Upande wa juu nyuma, tatizo ni sinasi. Magego ya juu yakiondoka, mfuko huo wa hewa hushuka na mfupa wa chini yake huisha. Ukibaki na 5 mm au zaidi, daktari anaweza kuinua utando wa sinasi kupitia tundu lilelile la skrubu. Ukiwa na chini ya hapo, hufunguliwa dirisha dogo ubavuni mwa taya, unga wa mfupa hujazwa, na unangoja miezi 6 hadi 9. Baada ya kazi hiyo usipenge kamasi kwa nguvu wiki mbili, na ukipiga chafya acha mdomo wazi.

Unga huo wa mfupa hutoka mahali mbalimbali: mfupa wako mwenyewe, wa mtu aliyefariki na kutoa idhini, wa ng'ombe, au uliotengenezwa maabara. Utando unaofunika unga huo mara nyingi hutengenezwa kwa kolajeni ya nguruwe. Nairobi ni mji wa Waislamu, Wahindu na wengine wengi ambao jambo hili lina uzito kwao, na ni kosa mtu kulijua baada ya mshono kufungwa. Uliza mapema. Utando wa kolajeni ya ng'ombe upo, na wa maabara upo pia.

Nani angoje kwanza

Ugonjwa wa fizi utibiwe kabla ya jambo lolote, kwa kuwa bakteria waliolegeza jino lako ndio watakaoishambulia implanti. Sigara huongeza uwezekano wa kufeli karibu mara mbili. Kisukari si kizuizi kikidhibitiwa: leta majibu ya HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi kama mitatu; chini ya asilimia 7 tunafanya kazi kwa utulivu, ikivuka 8 ni busara kuishusha kwanza. Aliyechomwa miale ya saratani kwenye taya, au anayedungwa dawa za kuimarisha mifupa kama asidi ya zoledroni au denosumabu, hasa kwa dozi za saratani, lazima aseme, kwa sababu kidonda cha mfupa wa taya kinaweza kukataa kupona kabisa. Taja hata sindano ya mwaka jana.

Vijana wanahitaji neno la pekee. Ajali za bodaboda na uwanja wa mpira huwapokonya wanafunzi meno ya mbele, na wazazi huja wakitaka implanti kabla shule hazijafunguliwa. Implanti haikui pamoja na taya. Ukiiweka mtoto akiwa na miaka 14, meno ya jirani yataendelea kushuka na lake litabaki juu, fupi, na kulirekebisha ni upasuaji mkubwa. Msichana angoje angalau miaka 17 au 18, mvulana hadi 20 au 21. Kwa muda huo briji ya kugandisha au kipande cha meno bandia kinatosha na hakiharibu kitu.

Siku ya upasuaji

Kwa wengi inatosha ganzi ya kawaida, ileile ya kung'olea jino. Gramu 2 za amoksilini saa moja kabla hupunguza kufeli, isipokuwa kwa mwenye mzio wa penisilini. Acha daktari aiandike, usijinunulie duka la dawa. Ufizi hufunguliwa, tundu la kwanza hutobolewa kwa keekee ya 2 mm, kisha hupanuliwa hatua kwa hatua, kwa mfano 2.8 halafu 3.5, kwa skrubu ya 4 mm. Mwendo ni kama mizunguko 800 hadi 1,200 kwa dakika kwa keekee ya kwanza, huku salaini baridi ikimwagika wakati wote. Mfupa ukipata joto la nyuzi 47 kwa dakika moja hufa, na mfupa uliokufa utaonekana tu wiki kadhaa baadaye, skrubu ikianza kucheza bila maumivu makubwa. Keekee butu ndiyo chanzo cha kawaida cha joto hilo, kwa hiyo kliniki yenye umakini huhesabu mara ilizozitumia na kuzibadilisha.

Skrubu hukazwa polepole, na mashine huonyesha nguvu. Ikifika 35 Ncm, kipimo cha nguvu ya kuzungusha, ni vizuri. Chini ya 20, ni salama zaidi kuifunika kabisa chini ya ufizi na kuiacha ilale. Zaidi ya 50 kwenye mfupa mgumu wa mbele chini, mfupa unabanwa kupita kiasi na unaweza kusinyaa. Hapo ni heri kuirudisha nyuma na kupanua tundu.

Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Barafu iliyofungwa kitambaani, dakika 15 hadi 20 kisha pumziko, siku ya kwanza. Kuanzia siku ya pili sukutua taratibu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Kula uji, viazi vilivyopondwa, mayai, ndizi iliyoiva, supu isiyo moto. Njugu, mahindi choma, miwa na miraa viwekwe mbali na upande huo hadi daktari aruhusu. Nyuzi hutolewa siku ya 7 hadi ya 10. Dalili mojawapo ya kukufanya upige simu usiku huohuo ni hii: muda wa ganzi umepita, lakini mdomo wa chini au kidevu bado vimekufa ganzi. Neva imebanwa, na skrubu ikitolewa ndani ya siku moja au moja na nusu nafasi ya kupona ni kubwa. Ukishauriwa ungoje wiki uone, tafuta daktari mwingine asubuhi.

Kungoja

Taya la chini huhitaji miezi 2 hadi 3, la juu 3 hadi 6, zaidi pakiwa na unga wa mfupa. Wiki ya tatu na ya nne ndizo za hatari zaidi, kwa sababu mfupa wa zamani unaoishika skrubu unayeyuka na mpya haujakomaa. Ndizo pia wiki ambazo mtu hujisikia mzima na kurudia nyama choma.

Kwa jamaa wanaokuja nyumbani Disemba kwa wiki mbili, mpango upo: piga picha na uweke skrubu siku za mwanzo, nyuzi zitolewe kabla ya kurudi, krauni ifungwe Agosti au Disemba inayofuata. Kukaa muda mrefu hakudhuru skrubu iliyolala. Mpango usiokubalika ni wa kumaliza yote siku kumi kwa sababu ndege inaondoka. Jino la siku hiyohiyo lawezekana, lakini kwa mwenye mfupa mgumu, skrubu iliyokazwa vizuri, na jino la muda lisilogusana na la taya la pili.

Krauni

Hapa ndipo makosa madogo hujificha. Jino la asili linaning'inia kwenye nyuzinyuzi na hubonyea kidogo ukiuma. Implanti imeganda kwenye mfupa na haibonyei. Krauni ikifungwa ili iguse sawa na jirani zake, itabeba mzigo wote pindi meno mengine yanapobonyea. Kwa hiyo ukiuma taratibu, karatasi nyembamba ya kupimia ipite bila kushikwa kwenye implanti. Ukiuma kwa nguvu ndipo ishikwe.

Pendelea krauni ya skrubu kuliko ya gundi inapowezekana. Gundi iliyobaki chini ya ufizi haionekani na ni chanzo kikubwa cha usaha miaka michache baadaye. Skrubu ya ndani hukazwa kwa spana maalumu, mara nyingi 30 hadi 35 Ncm kulingana na kampuni, kisha daktari hungoja dakika 10 na kukaza tena, kwa kuwa nyuso za metali hutulia na kulegea kidogo. Tundu la skrubu kwenye krauni huzibwa kwa utepe mweupe wa tefloni, uleule wa mafundi bomba, na juu yake hujazwa kijazo chenye rangi ya jino. Utepe huo una faida: siku ya kufungua, daktari hatalazimika kutoboa kwa kubahatisha.

Rangi nayo inataka subira. Wengi waliokulia Nakuru, Naivasha au kwenye maji ya visima yenye floraidi nyingi wana meno yenye madoa ya kahawia. Krauni nyeupe tupu katikati yao itaonekana kutoka mbali. Kama unataka kuyasafisha meno yako, fanya kwanza, ngoja wiki mbili rangi itulie, ndipo krauni ichaguliwe, tena kwa mwanga wa mchana, fundi wa maabara akiwa na picha ya meno ya jirani.

Wasio na meno kabisa chini

Kwa mama au mzee ambaye meno yake bandia ya chini yanaruka kila akizungumza, huhitaji kumuuzia meno 12 ya kudumu. Mkutano wa wataalamu uliofanyika Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, mwaka 2002 ulikubaliana kwamba implanti mbili za mbele zinazoshika meno bandia ndizo ziwe chaguo la kwanza kwa taya la chini lisilo na meno. Meno hubanwa kwa vifungo, hutolewa usiku na kuoshwa. Vikombe vidogo vya nailoni vilivyo ndani ya vifungo hivyo huchakaa na kubadilishwa kila baada ya mwaka au zaidi kidogo, kwa gharama ndogo. Taya la juu ni laini zaidi na huhitaji nne.

Kinachoharibika baadaye, na karatasi ya kudai

Tafiti za miaka 10 huonyesha zaidi ya implanti 90 kati ya 100 zikiwa bado kinywani. Zinazopotea baada ya kushika, nyingi hupotea kwa ugonjwa wa ufizi. Mwanzo ni wekundu na damu ukipiga mswaki. Hapo bado kuna kurudi, kwa kusafishwa vizuri. Mfupa ukianza kuliwa haurudi wenyewe. Mswaki mdogo wa katikati ya meno, wenye waya uliofunikwa plastiki, upite kila usiku. Eksirei ipigwe siku ya kufunga krauni na tena baada ya mwaka: kupoteza hadi 1.5 mm mwaka wa kwanza kumekubalika tangu zamani, baada ya hapo kusizidi 0.2 mm kwa mwaka. Chakula kikianza kunasa mahali ambapo hakikunasa zamani, si uzembe wako. Meno ya asili husogea mbele kwa miaka na implanti husimama, hivyo mwanya hufunguka na krauni huongezwa pembeni.

Bei ya jino moja Nairobi mara nyingi huvuka laki moja, na tangazo la bei nafuu mara nyingine ni la skrubu peke yake. Omba makadirio yaliyoandikwa kwa mistari: picha, skrubu, abatimenti, krauni, unga wa mfupa na utando kama vitahitajika, ziara za ukaguzi, na nani analipa skrubu isiposhika. Uliza bima yako kwa maandishi, kwa maana kikomo cha meno huwa kidogo. Jina la daktari litafute kwenye sajili ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari na madaktari wa meno Kenya, iliyo wazi kwenye tovuti yao, uone leseni ya mwaka huu.

Halafu dai karatasi ya implanti yako. Iwe na kampuni, aina, kipenyo, urefu, namba ya toleo (kibandiko kinachotoka kwenye pakiti hutosha), namba ya jino, tarehe, na nguvu iliyotumika kukaza. Hapa mjini zinauzwa implanti za Korea, Uswisi, Ujerumani, Israeli na kwingine, na bisibisi ya moja mara nyingi haiingii kwenye nyingine. Kliniki ikifungwa au daktari akihama, mtu asiye na karatasi huzunguka kutoka Westlands hadi South C akitafuta mwenye bisibisi inayofaa, wakati tatizo lenyewe ni skrubu ya dakika tano.

Krauni ikianza kucheza, usiendelee kuitafunia na usiipake supaglu. Skrubu iliyolegea ikitumiwa hukatika ndani, na kipande kilichobaki ni kigumu kutoa. Usiitikise kwa ulimi, kula upande mwingine, chukua karatasi yako na uende wiki hiyohiyo. Daktari atatoa utepe, ataangalia kama ni krauni inayocheza au implanti yenyewe, na kama ni krauni ataweka skrubu ndogo mpya, kwa sababu ile iliyokwisha kuvutika haifai kukazwa tena.